Daftari la Mahudhurio

Ukitaka kujua kanisa linaongozwaje, usianzie kwenye mahubiri. Mahubiri huandaliwa. Anzia kwenye madaftari: nani anaandikwa, nani anakatwa, nani anasomwa kwa sauti mbele ya watu. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hii imenifundisha kutoamini hotuba ya kiongozi kabla sijaona kumbukumbu za vikao vyake. Taratibu nimejikuta nafanya hivyo hivyo hata kwenye imani yangu.

Siku hizi ni rahisi sana kuandika habari za viongozi wa dini. Kuna manabii wenye walinzi, kuna mafuta na maji yanayouzwa kwa chupa, kuna ugomvi wa viti ndani ya makanisa makongwe. Nimeziandika habari hizo na nitaendelea kuziandika, maana zina madhara kwa watu. Lakini mtu akiniuliza uongozi wa Kikristo ni kitu gani, sipati jibu kwenye hizo. Napata jibu kwenye daftari moja kubwa, kaunta buku yenye mgongo mwekundu, ambayo kwa sasa iko juu ya kabati langu.

Tangu mwaka jana mimi ni katibu wa jumuiya yetu huku Kimara. Sikugombea. Siku ya uchaguzi mtu mmoja alisema kutoka nyuma, "Dada huyu si mwandishi wa habari? Basi kuandika ndiyo kazi yake." Watu wakacheka, wakapiga makofi, ikawa imekwisha. Nikakabidhiwa mhuri, kidau cha wino na hilo daftari.

Kwa msomaji asiyezijua jumuiya ndogondogo, nieleze kidogo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizungumza mwaka 1973 juu ya kulijenga kanisa kuanzia chini, na mwaka 1976 wakaufanya ujenzi wa jumuiya hizi kuwa kazi ya kwanza. Wazo lilikuwa jepesi na zuri: parokia ina maelfu ya watu, padre hawezi kuwajua wote, basi waumini wa mtaa mmoja wakutane nyumba kwa nyumba, wasome Injili pamoja, wajuane kwa majina, wasaidiane kwenye ugonjwa na msiba. Sisi hukutana Jumamosi saa 12 asubuhi. Viti vya plastiki vinapangwa uani, mtu anaanzisha wimbo, tunasoma somo la Jumapili, tunashirikishana Neno. Kisha yanafuata matangazo, na matangazo maana yake ni michango.

Na hapo ndipo daftari linapoingia. Ukitaka kubatiza mtoto, unahitaji barua ya jumuiya. Ukitaka kufunga ndoa, barua. Ukifa, ndugu zako watakwenda parokiani kuomba Misa, na swali la kwanza litakuwa: marehemu alikuwa jumuiya gani, alikuwa anasali? Jibu linatoka kwenye daftari. Mtu anayelishika ni mama fulani tu wa mtaani, au mzee mstaafu, au kama mimi, mtu aliyepigiwa makofi. Watu wengi hawatakutana na askofu zaidi ya siku ya Kipaimara. Kiongozi wa kanisa wanayemjua ni huyo mwenye daftari.

Mama yangu alilishika kwa miaka mingi Morogoro, na yote ninayofikiri juu ya jambo hili yalianzia sebuleni kwake.

Nilikuwa sekondari. Mtaani kwetu kulikuwa na fundi viatu aliyekaa chini ya mwembe karibu na kituo cha daladala. Viatu vyangu vya shule alivishona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mara nyingine kwa mkopo. Alikuwa mwanajumuiya, tena mwenye sauti nzuri ya besi. Kisha parokia ikaanza kujenga ukumbi. Kila kaya iliahidi kiasi chake, na fundi naye aliahidi elfu thelathini. Ikaingia desturi kwamba kila Jumamosi, kabla ya sala ya mwisho, yanasomwa majina ya waliokamilisha na ya wasiokamilisha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walisema ni kukumbushana. Baada ya miezi michache fundi aliacha kuja.

Siku moja akaugua, na baada ya wiki mbili akafariki. Ndugu zake walisafiri kutoka kijijini, wakaomba Misa ya mazishi. Kamati ya jumuiya ikakaa kwetu jioni ile, mimi nikipeleka chai na kuchelewa makusudi kuondoka na sinia.

Mwenyekiti alisema, "Mama katibu, hebu tusomee." Mama akavaa miwani, akafungua daftari, akahesabu kwa kidole. Wiki 71 hakuonekana. Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema basi, jambo liko wazi, taratibu ni taratibu, tukianza kuzivunja kwa huyu tutazivunja kwa wote.

Mama hakufunga daftari. Alisema, "Sijamaliza kusoma. Wiki 71 nimemwekea alama ya X kwa mkono wangu. Humu ndani hakuna mstari hata mmoja unaosema kuna mtu alikwenda kumwona. Mimi mwenyewe sikwenda, na kati ya kwake na kwangu ni nyumba nne."

Kimya kilichofuata nakikumbuka kuliko maneno yenyewe. Kisha mtu akasema, kwa upole lakini kwa kujihami, "Lakini mama, yeye ndiye aliyeacha kuja." Mama akajibu, "Ndiyo. Na sisi tuliandika."

Misa haikupatikana. Kilichopatikana ni katekista, aliyekubali kuongoza ibada ya mazishi. Mama alivaa kitenge chake cha WAWATA, akina mama wengine saba wakavaa vyao, wakaimba njia nzima hadi makaburini. Wiki iliyofuata dada wa marehemu alikuja nyumbani na bahasha ya ujenzi waliyoikuta kwenye sanduku la vifaa vya kushonea. Ndani kulikuwa na shilingi 11,500. Mama alizihesabu mbele yake, akamwita mhazina, stakabadhi ikaandikwa kwa jina la marehemu. Kisha aliingia chumbani na hakutoka hadi usiku.

Jumamosi iliyofuata alikuja jumuiyani na rula na kalamu nyekundu. Alikuwa ameongeza safu mpya kwenye daftari, baada ya safu ya mahudhurio. Juu yake ameandika neno moja: ALIYEKWENDA. Mtu akikosekana Jumamosi mbili mfululizo, safu hiyo lazima ijazwe: jina la aliyekwenda kumwona, na tarehe. Safu ikibaki tupu, mama aliisoma kwa sauti, kama yalivyokuwa yakisomwa majina ya wadaiwa wa ukumbi. "Nyumba ya fulani, hakuna aliyekwenda." Basi. Haongezi neno.

Watu hawakuipenda safu ile, na ninawaelewa. Ilikuwa inahesabu wahudhuriaji wenyewe, wale waliokuwa wamezoea kuhesabu wenzao. Uchaguzi uliofuata mama hakurudishwa. Katibu mpya alinunua daftari jipya lisilokuwa na safu hiyo.

Nimelitafakari tukio lile kwa miaka karibu 20, na kuna jambo moja nililichelewa kuliona. Kwa muda mrefu niliamini kisa cha fundi viatu ni kisa cha sheria dhidi ya huruma: daftari ni baya, moyo ni mzuri. Ni usomaji rahisi, na vijana wengi wa rika langu walioacha kanisa wanausoma hivyo. Lakini mama hakulichana daftari. Hakudanganya kwamba fundi alikuwa anahudhuria. Alilisoma lote, neno kwa neno, na akalidai lifanye kazi yake.

Ule mfano wa Yesu wa mchungaji mwenye kondoo mia tunaujua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na kila anayeuhubiri hukimbilia porini, kwenye miiba na kondoo mabegani. Mimi hunisimamisha mwanzoni. Mchungaji alijuaje kwamba mmoja hayupo? Alihesabu. Asingehesabu angelala vizuri akiamini zizi limejaa. Kuhesabu ndiko kulikomtoa nje usiku. Kiongozi asiyetaka kuhesabu, anayesema "Mungu anawajua wote", mara nyingi ni mtu anayejipunguzia kazi. Tatizo letu kwa fundi viatu lilikuwa kwamba tulifika tisini na tisa, tukaandika X, tukaendelea na matangazo.

Kuna kiongozi mmoja ninayemfikiria nikilitazama jambo hili kwa upande huo. Janani Luwum, Mwacholi kutoka Mucwini kaskazini mwa Uganda, aliongoka mwaka 1948 katika ule uamsho uliolitikisa kanisa la Afrika Mashariki, na mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa Kianglikana. Ilikuwa nchi ya Idi Amin, nchi ambayo watu walikuwa wanachukuliwa na hawarudi. Tunamkumbuka kwa kifo chake, na ni haki. Lakini kabla ya kifo kulikuwa na kazi ya kila siku isiyo na sifa: alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za usalama kuulizia watu waliotoweka. Fulani yuko wapi? Mkewe anamtafuta. Februari 1977 askari walimpekua nyumbani kwake usiku. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na kukamatwa kwa watu ovyo. Tarehe 16 mwezi huo akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Miili ilikuwa na matundu ya risasi.

Kwenye kilima cha Namirembe kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mwili haukuletwa, ulipelekwa Mucwini kuzikwa huko, na waumini wa Kampala walikusanyika kumsalia askofu wao bila jeneza. Mtu aliyekuwa akiulizia waliokosekana alikosekana mwenyewe, na watu wakaja kumuulizia. Leo Uganda inaiadhimisha tarehe 16 Februari kila mwaka kama sikukuu ya taifa.

Silinganishi katibu wa jumuiya na shahidi. Itakuwa kichekesho. Ninachosema ni kwamba kazi ni ileile, gharama ndiyo hutofautiana. Luwum alikwenda mahali ambapo kuuliza "fulani yuko wapi" kungeweza kumuua. Sisi tunatakiwa kuvuka nyumba nne.

Mwingine ni Mwalimu Nyerere. Watu wa fasihi tunamjua kwa tafsiri zake za Shakespeare, na wachache wanajua kwamba baada ya kung'atuka alitumia miaka ya uzeeni kuziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa na Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Namfikiria mzee aliyewahi kuongoza nchi, amekaa na mizani nane kwa mstari, anatafuta kina. Lakini kwa hoja yangu ya leo nakumbuka zaidi hotuba yake ya Oktoba 1970 huko New York, mbele ya masista wa Maryknoll, ambayo imo katika kitabu chake cha Uhuru na Maendeleo. Aliwaambia watawa, kwa ufupi wangu, kwamba umaskini si bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja, umejengwa, na kanisa lisiloupinga mjengo huo litakosa maana kwa watu, hata likitoa sadaka nyingi kiasi gani. Ni jambo la kushangaza kidogo: rais anawahubiria watawa. Kila nikikumbuka majina yaliyokuwa yakisomwa pale uani Morogoro, naona mjengo mdogo wa aina ileile. Mtu mwenye mshahara analipa siku ya kwanza na kupongezwa. Mshona viatu anaweka mia tano mia tano kwenye sanduku, na kila Jumamosi anasimamishwa hadharani pamoja na wakaidi. Hakuna aliyemfukuza. Tulipanga tu mambo kwa namna ambayo mtu wa kipato chake lazima aone aibu.

Sasa turudi Kimara, maana ni rahisi kuwasifu marehemu.

Mwezi uliopita alikuja kwangu dada mmoja kuomba barua ya ubatizo wa mtoto wake wa miezi saba. Nikafungua daftari. Tangu ahamie mtaani kwetu amehudhuria mara mbili. Nikamwambia nitakuja kwake tuzungumze, akashtuka kama vile nimesema nitakuja na mgambo.

Nilikwenda Jumapili jioni. Anaishi chumba kimoja na mtoto na mdogo wake. Ni mlinzi, anafanya zamu ya usiku Jumatatu hadi Jumamosi. "Dada katibu," aliniambia, "saa mnayoanza wimbo wa mwanzo, mimi ndiyo nakabidhi lindo. Nikifika huku mmeshatawanyika." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Mdogo wake akaongeza kwamba Jumapili huwa wanakwenda Misa ya kwanza, kwa miguu, ili nauli ibaki.

Nikaenda kwa mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli, mtu ninayemheshimu sana. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Binti yangu, jumuiya si duka la barua. Wewe umeanza juzi. Mimi nimezika watu wa mtaa huu kwa michango ya wale wanaokuja kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Ukimpa barua asiyekuja, unamwambia yule anayekuja kwamba ni mjinga. Na kesho kila mtu atakuwa na zamu."

Sina dharau na hoja hiyo. Ni hoja ya mtu aliyebeba majeneza. Jumuiya inaishi kwa watu wanaojitokeza, na wako wengi, tena wenye magari, wanaotukumbuka siku ya harusi tu. Huruma inayotolewa kwa kila anayeomba, bila kumjua, huishia kuwanufaisha wanaojua kuomba. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba ndiyo sababu nimekwenda: kwa kutazama daftari peke yake, huyu dada na yule bwana mwenye gari wanafanana kabisa. X na X. Tofauti yao inaonekana ukifika mlangoni.

Hakujibu. Akaniambia niandike barua, niilete aisome, ndipo aamue.

Niliiandika usiku ule na iliniwia ngumu kuliko habari nyingi nilizowahi kuandika. Sikutaka kumficha wala kumpamba. Niliandika kwamba mama wa mtoto amehudhuria jumuiya mara mbili. Niliandika saa anayotoka kazini. Niliandika kwamba nimefika kwake, tarehe fulani, na kwamba wanajumuiya wawili wanaokaa jirani naye wamekubali kusali naye Jumapili jioni, nyumbani kwake, hadi zamu yake itakapobadilika. Mwisho nikaandika kwamba jumuiya inaomba mtoto abatizwe.

Mzee aliisoma mara mbili. Alisogeza karatasi mbali na macho, akairudisha. Akaomba kalamu, akasaini, akagonga mhuri yeye mwenyewe, kwa nguvu, mpaka kikombe cha chai kikatikisika. Nikadhani yamekwisha. Nikaanza kukunja barua.

"Subiri," akasema. Alilivuta daftari, akafungua ukurasa wa mwezi, akapitisha kidole kwenye majina polepole kama mama alivyokuwa akifanya. Safu ya mahudhurio ilikuwa na alama za X, na pembeni yake safu ya kalamu nyekundu niliyoichora nilipokabidhiwa, ambayo hadi siku ile hakuwahi kuisemea lolote. "Huyu mmoja umemwendea kwa sababu amekuja kuomba barua. Hawa kumi na mmoja hawajaomba kitu. Hawa je?"

Nimeshakwenda kwa wanne. Mmoja amehama, hata mwenye nyumba hajui alikoelekea. Mmoja alinisemesha kupitia upenyo wa geti, akaahidi kuja, na wote wawili tulijua haji. Wa tatu anamuuguza baba yake na anahitaji mtu wa kumpokea walau siku moja kwa wiki. Hilo tumelipangia watu. Wa nne alinikaribisha chai, akaniambia ameshahamia kanisa jingine na ana amani huko. Tulisali pamoja kabla sijaondoka. Nilipofika nyumbani sikujua nimwekee alama gani, kwa hiyo nimeandika jina langu na tarehe tu.

Wamebaki saba.